Kadi za Mahafala za Kutengeneza Nyumbani: Karatasi ya Rangi, Wino Mweusi na Kiazi Kimoja

Karatasi si ghali. Pesa za kadi humezwa na uchapishaji wa rangi, na zaidi ya hapo humezwa na kuchapisha mara ya pili kwa sababu tarehe ilibadilika au jina lilikosewa. Njia iliyoelezwa hapa inakwepa yote mawili: unachapisha kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyo na rangi tayari, halafu mapambo unayaongeza kwa mkono. Hesabu ni za kadi 60, idadi inayotosha familia ya kawaida kutoka Nakuru hadi Busia.

Mwaliko au tangazo?

Watu huchanganya vitu hivi viwili, na hapo ndipo ugomvi wa kifamilia huanzia. Vyuo vingi humpa mhitimu nafasi chache tu za wageni uwanjani, aghalabu wazazi wawili. Ukimwandikia mjomba kadi inayosema "karibu kwenye mahafala" bila ufafanuzi, atapanda matatu alfajiri kutoka Mumias hadi Njoro, afike Chuo Kikuu cha Egerton na kurudishwa langoni akiwa na suti yake. Mwaliko wako basi uwe wa karamu ya nyumbani, na useme hivyo waziwazi. Wale wawili watakaoingia chuoni hawahitaji kadi yako; wanahitaji pasi ya chuo.

Tangazo ni la wasioweza kufika: shangazi aliyeko Mombasa, mwalimu wa zamani wa sekondari, jamaa walio ng'ambo. Linataja jina, shahada, chuo na tarehe, basi. Halina saa wala ramani. Usitie namba ya kutumiwa pesa kwenye tangazo. Kadi ya mchango ni kadi nyingine kabisa, na mtu akipokea habari njema yenye namba ya M-Pesa chini yake, haisomi tena kama habari njema. Anayetaka kutuma atauliza.

Subiri orodha

Usichapishe chochote kabla jina la mhitimu halijaonekana kwenye orodha ya mwisho ya chuo. Orodha za awali hutolewa ili watu wakague majina na alama. Jina linaweza kuwa limekosewa tahajia, au lisiwepo kwa sababu alama za somo moja hazijaingizwa. Wakati unasubiri, andaa maandishi, nunua karatasi, kata bahasha. Kuchapisha kwenyewe ni kazi ya saa moja.

Kadi zimfikie mgeni wiki mbili au tatu kabla ya karamu. Ukigawa mapema mno zinasahauliwa. Ukichelewa, watu wameshaahidi sherehe nyingine, maana Jumamosi za Desemba magharibi ya Kenya hazibaki wazi.

Maandishi

Andika kwanza kwenye daftari kwa kalamu. Mfano huu unaingia bila kubanana kwenye kadi ya A6, yaani robo ya karatasi ya A4:

*Familia ya Bw. ………… na Bi. …………*
*wa kijiji cha …………*
*inayo furaha kumwalika*
*………………………………*
*katika karamu ya kumpongeza binti yao*
*(JINA KAMILI)*
*aliyehitimu Shahada ya Elimu*
*katika Chuo Kikuu cha Maseno*
*Jumamosi, tarehe …………*
*kuanzia saa tano asubuhi (11:00)*
*nyumbani kwao, …………*
*Tafadhali thibitisha kabla ya tarehe ………… kwa simu …………*

Kama mzazi mmoja ameaga dunia, andika "Bi. ………… na hayati Bw. …………"; usimwache nje, wazee watauliza. Kama mhitimu alilelewa na nyanya yake, jina la nyanya litangulie na neno "binti yao" ligeuke "mjukuu wake". Vyeo vya masomo navyo vina majina yake: astashahada ni cheti, stashahada ni diploma, kisha inakuja shahada, shahada ya uzamili, na ya uzamivu. Mtu wa Kisumu National Polytechnic au Sigalagala aliyemaliza diploma asiandikiwe "shahada" kwa kumpamba; wapo watakaosoma kadi hiyo wakitabasamu upande.

Kosa linaloongoza kwa mbali ni la saa. Anayetafsiri kutoka kadi ya Kiingereza huona 10:00 na kuandika "saa kumi". Mgeni wa Kiswahili anakuja alasiri, sufuria zimeshaoshwa. Saa 10:00 asubuhi ni saa nne. Andika kwa maneno, halafu tarakimu kwenye mabano, kama mfano unavyoonyesha.

Namba ya kuthibitisha isiwe ya mhitimu. Wiki hiyo anahangaika na joho, kinyozi na picha, simu yake haishikiki. Weka ya dada au binamu anayependa kupokea simu.

Majina marefu ya vyuo yanataka akili kidogo. "Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga" hakitoshi mstari mmoja wa A6. Ukikiacha kijivunje chenyewe, "Odinga" litabaki peke yake chini. Kivunje baada ya "Teknolojia". Fanya vivyo hivyo kwa cha Masinde Muliro pale Kakamega. Nembo ya chuo iache: ni mali ya chuo, na inaifanya kadi ya nyumbani ionekane kama barua rasmi ya kuingilia uwanjani.

Mwisho, mpe mtu ambaye hakushiriki kuandika asome kwa sauti kutoka chini kwenda juu, mstari kwa mstari. Akisoma kwenda chini jicho linateleza kwa sababu linajua kinachofuata. Linganisha siku na tarehe na kalenda. "Jumamosi tarehe 13" ambayo kumbe ni Ijumaa imeharibu kadi nyingi kuliko mvua.

Karatasi

Nenda duka la vitabu uombe manila za A4 za rangi hafifu: krimu, kijani cha majani mabichi, samawati, waridi. Uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba unafaa. Karatasi ya kawaida ya saiba, yaani duka la kompyuta na uchapishaji, ni gramu 80, na kadi yake hulegea mkononi kama risiti. Ukipita gramu 250, mashine nyingi ndogo hukwama. Rangi nzito kama nyekundu na buluu ya bendera ziepuke, wino mweusi hausomeki juu yake.

A4 moja inatoa kadi 4 za A6. Kadi 60 ni karatasi 15. Ongeza 3 za kuharibika, jumla 18. Tuseme saiba yako inatoza shilingi 10 kwa ukurasa mweusi na 40 kwa wa rangi: upande mmoja utakugharimu 180 au 720. Tofauti hiyo inanunua manila zote na kitenge cha mapambo. Kama unaleta karatasi yako mwenyewe, sema mapema na uombe upunguziwe, kwani bei yao huwa inahesabu na karatasi.

Ile karatasi yenye mistari ya kupapasa ambayo wengi huiita Conqueror ni nzuri machoni, ila mashine ya leza huruka mabonde yake na herufi nyembamba hutoka na vitobo. Ukiitaka, tumia herufi nene. Karatasi ya picha inayong'aa, iliyotengenezewa mashine ya wino wa maji, usiitie kwenye leza kamwe: joto linayeyusha utando wake na kuugandisha ndani ya mashine, na utalipishwa.

Kadi ya kukunja inakula mara mbili: A4 inatoa 2 tu. Inafaa pale unapotaka lugha mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiluo au Kiluhya upande wa pili kwa ajili ya wazee. Vinginevyo kadi bapa yenye ramani nyuma inatosha.

Kupanga ukurasa

Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa A4 uliosimama, kingo zote sifuri, kisha weka jedwali la safu wima 2 za sentimita 10.5 na safu mlalo 2 za sentimita 14.8 kamili. Ndani ya kila kisanduku acha nafasi ya milimita 8 pande zote, kwa kuwa mashine nyingi haziwezi kuchapisha milimita 4 au 5 za pembeni. Programu itaonya kuhusu kingo, endelea tu. Ukiona ukurasa wa pili mtupu umejitokeza, ni ile aya inayofuata jedwali: ipe ukubwa wa herufi 1 na itarudi.

Jina la mhitimu liwe na ukubwa wa 18 hadi 22, maandishi mengine 11. Chini ya 10 nyanya hasomi. Herufi za madoido zitumie kwa jina peke yake, tena zijaribu kwanza: fonti nyingi za mapambo huharibu *ng'*. Nyang'oma hutoka na alama iliyogeuka kichwa chini, au na kiboksi kitupu. Fonti ikikataa, badilisha fonti. Usibadilishe jina la watu.

Usizungushie kadi fremu iliyo karibu na ukingo. Kukata kukipotoka milimita 1, fremu ndiyo itakayokutangazia. Bila fremu hakuna atakayeona.

Ukitumia simu, pakua kazi kama PDF. Usiipige picha ya skrini. Na ukiituma kwa WhatsApp hadi saiba, itume kama hati. Ikienda kama picha inafinywa na herufi zinatoka na ukungu.

Ramani ya nyuma ni mstari mmoja wa barabara na vitu vitatu ambavyo dereva wa boda anavijua: steji, soko, shule au kanisa. Kwa mfano anayetoka Kisumu kwenda Kakamega ataelekezwa kwa kuhesabu Kiboswa, Chavakali, halafu Jiwe la Ilesi, lile linalolia, na kona inayofuata. Anayekwenda upande wa Kabarak aambiwe barabara ya Eldama Ravine, si "Nakuru" tu. Andika jina la steji kama makanga anavyolitaja, hata kama kwenye ramani za serikali lina jina jingine.

Saiba

Chapisha karatasi moja kwanza, ulipe, utoke nje uitazame kwenye mwanga wa jua. Pima kwa rula: kisanduku kiwe sentimita 14.8 kweli. Kikiwa 14.2, mashine imefinya ukurasa. Mwambie mhudumu aweke asilimia 100.

Mwombe pia achague mpangilio wa karatasi nzito na aingize karatasi kwa trei ya mkono. Mpangilio huo huongeza joto au hupunguza mwendo ili wino wa unga ushike. Usipowekwa, kwaruza herufi kwa ukucha: zinabanduka. Ukichapisha pande mbili tarajia nyuma ipishane na mbele kwa milimita 1 au 2, na hiyo ni sababu nyingine ya kuachana na fremu.

Kama mashine ni ya wino wa maji, lowesha kidole ukipitishe juu ya neno. Likitapakaa, kadi hizo hazifai kubebwa na boda mvua za alasiri za Kakamega au Kericho. Tafuta saiba yenye leza.

Kukata

Gilotini ya saiba ni ya haraka, ila usiirundikie. Karatasi zikizidi tano au sita, zile za chini huteleza na kutoka ndefu. Nyumbani tumia rula ya chuma na wembe mpya juu ya katoni ngumu, karatasi mbili kwa wakati mmoja, ukipitisha wembe mara mbili kidogokidogo badala ya mara moja kwa nguvu. Wembe butu hauchani ukingo, unauvuta, na manila huota manyoya.

Kwa kadi ya kukunja, weka rula pale pa kukunjia na upitishe kalamu iliyokwisha wino, upande utakaokuwa nje. Kisha kunja ukiacha kile kituta kiingie ndani. Watu wengi hukunja kinyume kwa sababu mfereji unaonekana kama unawaita. Karatasi nzito ikikunjwa hivyo hupasuka mgongoni na wino mweusi kuacha ufa mweupe.

Muhuri wa kiazi

Hapa ndipo kadi inapopata sura. Chukua kiazi kigumu, kibichi, cha ukubwa wa ngumi; Molo haiko mbali, Nakuru utakipata kila kona. Kilichonywea hakikatiki vizuri. Kigawe mara mbili kwa kisu kirefu, pigo moja, ili uso uwe bapa. Ukikata kwa kusita uso unakuwa na mawimbi na muhuri utaacha madoa katikati.

Panguza uso kwa karatasi ya shashi na ukiache dakika 10. Maji ya kiazi ndiyo huzimua rangi. Chora kofia ya mhitimu: msambamba uliolala, upana sentimita 3, kimo sentimita 1.5, na chini yake kipande kifupi kama bakuli lililopinduliwa. Chonga pembeni kina cha milimita 4, ukielekeza kisu nje ya mchoro ili kuta zisimame imara. Kishada usichonge, ni chembamba mno na kitakatika. Kichore baadaye kwa kalamu ya rangi.

Rangi ya maji iwe nzito kama maziwa lala. Usichovye kiazi. Paka rangi kwenye kipande cha sponji, gonga kiazi juu yake, jaribu mara mbili kwenye gazeti, ndipo uende kwenye kadi. Bonyeza wima, hesabu mbili, inua bila kuzungusha. Kingo zikianza kulegea, kata uso mpya kwenye nusu ile nyingine. Acha kadi zikauke zikiwa zimetandazwa. Zikirundikwa mbichi, kofia ya huyu inahamia mgongoni mwa yule.

Anayeona kiazi ni mchezo wa watoto atumie kitenge. Mwombe fundi wa nguo mabaki. Paka upande wa nyuma gundi nyeupe iliyozimuliwa, sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji, ukitandike juu ya nailoni kikauke usiku kucha, *ndipo* ukikate vipande vya sentimita 2 kwa 10.5 vya kubandika juu ya kadi. Ukikikata kabla ya gundi, nyuzi zitachomoka kila kingo. Usiweke vyote viwili, kiazi na kitenge, kwenye kadi moja.

Bahasha

Bahasha za dukani za saizi ya C6, milimita 114 kwa 162, zinapokea A6 bila tabu. Ukitaka kutengeneza, A4 moja ya kawaida inatoa bahasha moja. Isimamishe. Chora mistari miwili ya wima, kila mmoja sentimita 2.8 kutoka ukingo wake. Katikati zinabaki 15.4. Kutoka chini pima sentimita 10.5 uchore mstari wa mlalo, kisha 21.5, kisha 27. Kilichozidi 27 kata utupe. Masikio ya pembeni yabakize kwenye sehemu ya kati tu, yale ya chini na ya juu yakate. Kunja masikio ndani, yapake gundi, inua sehemu ya chini uibandike juu yake. Sehemu ya juu ndiyo kifuniko.

Gundi ya unga inatosha: vijiko 2 vya unga wa ngano, maji glasi moja, koroga yakiwa baridi kisha pika hadi uji ung'ae. Paka kwa uchache, ikizidi bahasha hujikunja. Haikai zaidi ya siku mbili au tatu kabla ya kuota ukungu, na mende wanaipenda, kwa hiyo bahasha zisilale jikoni.

Majina na kugawa

Jina la mgeni liandikwe kwa mkono, kalamu moja, mtu mmoja mwenye mwandiko. Cheo kwanza: Mwalimu, Mchungaji, Padre, Mzee, Mama fulani. Fikiri mara mbili kabla ya kuandika "na familia". Kama viti ni haba, "kwa watu wawili" ni adabu vilevile. Lakini usihesabu chakula kwa kadi. Kijijini jirani haalikwi kwa karatasi, akisikia spika amealikwa, na atakuja na kuku wake.

Wazee wa ukoo wapelekewe nyumbani na mhitimu mwenyewe akiwa na mzazi, kadi itolewe kwa mikono miwili. Wa mbali watumiwe tangazo kwa simu: tengeneza picha ya pikseli 1080 kwa 1350 yenye maneno machache yaleyale, kwa sababu kadi ya A6 iliyopigwa picha mezani huja na kivuli cha mkono wako.

Tarehe ikibadilika baada ya kugawa, usifute kwa kalamu wala kubandika karatasi juu. Piga simu kwa wazee, tuma ujumbe kwa wengine, na zile kadi ambazo bado hazijatoka kata kamba moja ya karatasi nyeupe yenye upana wa sentimita 3, andika "Tarehe mpya" na siku yenyewe, uizungushe nje ya bahasha.